Samaki wa Nukta Jikoni

Haya tena vijana wa mjini, ninyi mnaojiona mmemaliza kompyuta, leo tusogee Dumila. Ndiyo, hapo hapo mnaponunulia nyanya dirishani mwa basi la Dodoma. Mpwa wangu ana hoteli hapo, na majuzi kanunua printa ya oda. Dada wa mezani anabonyeza, karatasi inatokea jikoni. Bomba! Ila mpishi wake, bi mkubwa mmoja ambaye kwa wali wake mimi nashuka basi kabla ya safari kuisha, hajui kusoma. Mpwa akaanza kuulizia mpishi mwingine. "Anayesoma, mjomba."

Anayesoma! Na kupika je?

Nikamwambia mashine ndiyo ijifunze. Printa nyingi za risiti, zile zinazofuata amri za Epson, zinakubali uchukue herufi usiyoitumia, uweke mchoro wako mahali pake. (Nasema printa ya oda. Zile EFD zilizoingia nchini mwaka 2010 ni za kodi, usizitie kidole.)

Unapewa kiwanja cha nukta 12 kwa upana na 24 kwa kimo. Kila mstari wa kusimama una mafungu 3 ya nukta 8, na kila fungu ni namba moja: nukta ya juu 128, inayofuata 64, kisha 32, mpaka 1. Zote zikiwa nyeusi, 255. Kwa hiyo herufi moja inakula namba 36. Samaki hakuenea humo, akawa kama kijiko, tukampa herufi mbili: yale mabano ya kujikunja. Nani anaagiza mabano hotelini? Jicho lake ni 223, yaani fungu zima jeusi isipokuwa nukta ya tatu. Unatanguliza 27, 38, 3 kuchora, na 27, 37, 1 ili mchoro utumike. Halafu mkuze mara 4, aonekane hata na moshi.

Hakimu alikuwa bi mkubwa mwenyewe. Kuku wangu akamcheka: "Mwanangu, huyu bata." Ugali akauita Mlima Uluguru. Akachukua daftari la hesabu, akajaza vijumba kwa kalamu, mpwa akabaki kuhesabu nukta.

Jambo moja: michoro hii inakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika printa inasahau yote, na jikoni yanatoka mabano. Ndiyo maana programu inatuma namba upya kabla ya kila oda, haichukui hata sekunde. Na karatasi zenyewe zitundikwe mbali na jiko, maana zinachapwa kwa joto. Zikikaa karibu na moto zinakuwa nyeusi tii, samaki na kuku wote kwisha.

Mpwa haulizii tena mpishi. Anatafutwa yeye sasa: bi mkubwa anataka alama ya pilipili pembeni, na nyingine ya mteja mwenye basi linalopiga honi.