Maharage yanavuka mpaka, mshambuliaji anabaki mgeni

Mfanyabiashara anayevuka Mutukula na mzigo wa maharage usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaujua utaratibu. Anajaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinagongwa muhuri, na mzigo hautozwi ushuru wa forodha. Tozo ndogondogo za njiani ni habari nyingine, lakini angalau kwenye karatasi maharage ya Masaka ni ya nyumbani. Kijana wa Masaka hiyo hiyo akisajiliwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara anahesabiwa mgeni, sawa na Mbrazili.

Katika misimu ya karibuni kila klabu ya ligi hiyo imeruhusiwa kusajili wageni 12. Kanuni haitofautishi aliyetoka Bujumbura na aliyetoka Bamako au São Paulo. Haya yanatokea wakati Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Ni kweli kila nchi ilijiwekea orodha ya kazi ilizokubali kuzifungua. Mpira haukupewa uzito huo.

Lakini msimamo wa ligi hauandikwi bila majirani. Katika misimu 10, kuanzia 2013/14 hadi 2022/23, tuzo ya mfungaji bora ilikwenda nchi jirani mara 6. Amissi Tambwe wa Burundi aliichukua akiwa Simba kwa mabao 19, kisha akahamia kwa watani wa jadi, Yanga, na kufunga 21 msimu wa 2015/16. Emmanuel Okwi wa Uganda alifunga 20 mwaka 2017/18. Meddie Kagere wa Rwanda akafuata na 23, halafu 22. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Kongo na Saido Ntibazonkiza wa Burundi walifungana kwa mabao 17. Katika misimu 5 kati ya hiyo 6, bingwa alikuwa klabu ya mfungaji bora au ya mmojawapo wa wafungaji hao. Ni 2013/14 pekee Azam ilipotwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Anayeuza jezi kutoka Kariakoo hadi Bukoba hahitaji kuelezwa maana ya mabao hayo.

Yanga ilianzishwa 1935, na Simba ikazaliwa mwaka uliofuata kutokana na mpasuko ndani ya Yanga. Simba ilijiita Sunderland, jina la mji wa Uingereza, hadi 1971. Klabu yenye historia hiyo haina sababu ya kushangazwa na jina la Kirundi mgongoni mwa jezi yake.

Tena njia hii si ya upande mmoja. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akielekea yanakoelekea malori ya Tunduma na Kasumbalesa. Mwaka 2015 aliisaidia Mazembe kutwaa ubingwa wa klabu Afrika, na Januari 2016 akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Milango ya Kongo ingefungwa, Taifa Stars ingepata hasara.

Wapo wanaosema kanuni inawalinda vijana wa nyumbani. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa washambuliaji, maana nafasi hiyo ndiyo klabu kubwa hukimbilia kununua nje. Hofu kubwa zaidi, ambayo haisemwi sana, ni ya upande wa pili: fedha za Simba na Yanga zinaweza kuzikausha ligi za Burundi na Uganda. Kwa hiyo kufungua mlango wote kwa siku moja si busara. Kuanza na wachezaji watatu wa Jumuiya kwa kila klabu wasiohesabiwa wageni kunawezekana, mradi klabu iliyomlea mchezaji ilipwe fidia ya malezi ambayo kanuni za FIFA tayari zinaitambua, na ilipwe kwa wakati.

Ulaya ilifika hapo kwa amri ya mahakama, katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman iliyoamuliwa Desemba 1995. Afrika Mashariki haihitaji kusubiri mchezaji aende mahakamani Arusha. Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na mashirikisho yao yanakaa meza moja mara kwa mara kuhusu viwanja na usalama. Ajenda hii iongezwe kwenye meza hiyo, na CECAFA iwaite Burundi, Rwanda na Kongo.

La sivyo, dirisha lijalo la usajili litafunguliwa kama yaliyopita: klabu imebakiwa na nafasi moja ya mgeni, kiungo wa Kampala yuko tayari kupanda basi usiku huo, na katibu anatafuta tiketi ya ndege ya mchezaji wa mbali aliyemwona kwenye video.