Mbao za New York na Kisingizio cha Uwanja

Kipo kisingizio kimoja ambacho nimekisikia tangu nilipokuwa mwalimu kijana wa michezo hadi leo nimestaafu na mvi zimenijaa kichwani. Nacho ni hiki: kwamba riadha yetu Tanzania imedidimia kwa sababu hatuna viwanja. Kinasemwa kwenye vikao, kinasemwa redioni, na daima husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Wanaokipenda zaidi hutoa mfano wa Marekani. "Wenzetu wana viwanja mpaka vya ndani," husema. "Theluji ikianguka wao wanakimbia chini ya paa, na mashindano yao ya taifa ya ndani yana zaidi ya miaka mia. Sisi tuna nini?" Basi wajumbe hutikisa vichwa kwa huzuni, kikao hufungwa, posho hulipwa.

Mimi sikubali. Na kwa kuwa mfano huo wameuleta wao wenyewe, namwomba msomaji tuufuate mpaka mwisho wake tuone unamtetea nani.

Mashindano ya taifa ya riadha ya ndani ya Marekani yalianza mwaka 1906 mjini New York, katika jumba la Madison Square Garden, chini ya chama kilichoitwa Amateur Athletic Union. Msomaji asidhani kwamba jumba hilo lilijengwa kwa ajili ya wakimbiaji. Hata kidogo. Lilikuwa jumba la maonyesho ya farasi, la sarakasi, la ndondi na la mikutano ya siasa. Wakimbiaji walikuwa wapangaji wa usiku mmoja. Njia yao ya kukimbilia ilikuja vipande vipande vya mbao, ikaungwa sakafuni, watu wakakimbia, kisha ikafumuliwa ili wenye shughuli nyingine waingie. Na palipokosekana jumba la namna hiyo walikwenda kwenye maghala ya gwaride ya askari wa akiba, wakakimbia juu ya sakafu tambarare ambayo kona zake hazikuinuliwa, mahali ambapo mtu akikata kona kwa pupa hujikuta amelala ukutani.

Hiyo njia ya Garden ilikuwa na urefu wa yadi 160. Fanya hesabu. Maili moja, ambayo katika uwanja wa kawaida ni mizunguko minne, pale ilikuwa mizunguko kumi na mmoja, yaani kona ishirini na mbili, na katika kila kona kuna kiwiko cha mtu mwingine. Sehemu iliyonyooka ilikuwa fupi mno hata ukitaka kumpita mwenzako ulipaswa kuamua mapema, tena kwa moyo wa kugombana. Mbao zenyewe zilitoa mlio kama ngoma. Na watazamaji walivuta sigara humo humo ukumbini, moshi ukatanda chini ya taa, hata wakimbiaji wa siku zile walikuwa na kikohozi chao kilichojulikana, cha kumaliza nacho msimu. Hicho ndicho "kiwanja cha ndani" ambacho viongozi wetu wanakitamani.

Nafasi ya kukimbilia yadi 100 haikuwapo. Je, walisubiri ipatikane? Walikata mbio zikatosha chumba, zikawa yadi 60. Mkuki na kisahani haviwezi kurushwa ndani bila kuua mtu, wakaviacha nje. Nyundo nayo haiwezekani, wakaweka mahali pake uzito wa ratili 35, karibu kilo 16, wenye mshikio mfupi. Na mchezo huo uliozaliwa na ufinyu wa chumba ungali katika mashindano yao hadi leo. Zama za mwanzo walikuwa hata na kuruka kwa kusimama, yaani mtu anaruka juu au mbele bila kukimbia kwanza. (Huu ningependa urudishwe katika shule zetu za msingi. Hauhitaji kitu ila mchanga na kamba, na mtoto mnene kidogo hushinda mara nyingine, jambo ambalo huwafurahisha wote.)

Basi kama jumba lilikuwa la kuazima, njia ya mbao za kufumua, na hewa ya moshi, ukubwa wa mashindano yale ulitoka wapi? Ulitoka kwenye tarehe. Kila msimu wa baridi ulipofika, mtu wa New York alijua kwamba riadha inakuja, kama mkulima wa kwetu anavyojua mvua za vuli. Alijiwekea senti zake, akanunua tiketi, akakaa karibu na mbao kiasi cha kuona jasho. Mashindano ya taifa yalikuwa kilele cha mfululizo mzima wa usiku wa mbio katika miji ile, na kila usiku ulimwandaa mtazamaji kwa ule unaofuata. Ndiyo maana Paavo Nurmi wa Finland alipokwenda Marekani mwaka 1925, alikuta mbio za kutosha kukimbia mara 55 katika miezi mitano hivi, nyingi zake zikiwa ndani ya kumbi. Umati ule haukuumbwa na Nurmi. Aliukuta umekwisha zoea kuja. Hata wakati wa Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wakiwa vitani, mashindano ya taifa yaliendelea.

Sisemi hayo kwa kuwasifu wakubwa wa chama kile. Walikuwa na unafiki wa kutosha kujaza jumba lenyewe. Waamuzi walisimama katikati ya njia wamevaa suti nyeusi za karamu, tiketi zikiuzwa, na wakati huohuo mkimbiaji aliyewavuta watu hao alikatazwa kupokea chochote zaidi ya nauli na chakula. Wengi walilipwa kwa kificho na wote walijua. Wes Santee wa Kansas, mmoja wa wakimbiaji bora wa maili nchini humo, alifungiwa mwaka 1956 kwa kosa la kupokea fedha za safari kupita kiasi. Wanawake walianza mashindano yao ya taifa ya ndani mwaka 1927 mjini Boston, wakatengwa na wanaume hadi katikati ya miaka ya 1960, kana kwamba mbao zingevunjika. Na mwezi wa Februari 1968, klabu kongwe ya riadha ya New York, ambayo haikuwapokea watu weusi wala Wayahudi kuwa wanachama, ilipoandaa mashindano yake ya miaka mia katika jumba jipya la Madison Square Garden, wanariadha weusi waligoma wakiongozwa na Harry Edwards. Hayo hayakuwa mashindano ya taifa, lakini yalikuwa ya msimu uleule, mji uleule na watazamaji walewale, nami naona aibu yake iliwahusu wote.

Tena waligombana. Vyama vya vyuo na kile chama kikongwe vilipigania umiliki wa wanariadha hadi Rais Kennedy akamtuma Jenerali Douglas MacArthur, mzee wa miaka themanini na ushei, awapatanishe mwaka 1963. Hakufaulu kuumaliza ugomvi ule moja kwa moja. Ilibidi Bunge lao litunge sheria mwaka 1978, ndipo riadha ikatolewa mikononi mwa chama kile ikapewa chama kipya. Hata hivyo, msomaji, angalia jambo hili: waligombana na mashindano yakafanyika. Kwetu watu wawili wakinuniana ofisini, mwaka mzima wa vijana umepotea.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Wanaotuambia kwamba tumeshindwa kwa kukosa majumba kama yale wamesahau kwamba watu wetu waliingia ndani ya majumba yale wakashinda. Filbert Bayi, aliyekwisha kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alishinda maili maarufu ya Wanamaker pale Madison Square Garden mwaka 1975. Mtindo wake wa kutoka mbele tangu mlio wa bastola uliwashangaza wataalamu wa viwanja vikubwa, lakini ukifikiri, hapana mtindo unaofaa zaidi kwenye njia fupi ambako kupita ni kazi. Suleiman Nyambui naye, tarehe 6 Februari 1981 mjini New York, alikimbia mita 5,000 ndani kwa dakika 13 na sekunde 20.4, ikawa rekodi ya dunia. Hiyo ni zaidi ya mizunguko thelathini ya mbao. Chuo chake, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, kilitwaa ubingwa wa vyuo wa ndani mara kadhaa katika miaka ile kwa miguu ya vijana wa Afrika Mashariki. Na mwaka 1980 kule Moscow hao wawili, Bayi na Nyambui, walileta medali mbili za fedha ambazo hadi leo ndizo pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Walikulia chini ya paa gani? Nani aliwajengea kona za kuinuka? Walichokuwa nacho ni mashindano ya shule, ya wilaya, ya mkoa na ya majeshi, yaliyofanyika kwenye nyasi na vumbi, ambayo kijana aliyajua mapema akajiandaa. Nilisimamia baadhi ya mashindano hayo ya wilaya. Chokaa ikikosekana tulichora njia kwa majivu, na saa tuliyotumia ilikuwa ya mwalimu wa hesabu. Lakini mzazi aliyekuwa kilomita kumi alijua siku, akaja na mkeka.

Ukitaka ushahidi wa upande wa pili, tazama mashindano hayo ya Marekani yalivyo sasa. Yaliwahi kutangatanga kidogo miaka ya 1960, ndipo Bob Seagren akaruka futi 17 kwa upondo mjini Albuquerque mwaka 1966, urefu ambao hakuna aliyewahi kuuruka ndani. Kisha yakarudi nyumbani. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliondoka Madison Square Garden kwa jumla. Yakapelekwa Atlanta, ndani ya jumba la mpira wa Kimarekani lenye viti zaidi ya sabini elfu, ambamo watazamaji walionekana kama punje za mchele zilizomwagika sakafuni. Yakaenda Boston, yakaenda Albuquerque tena, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko na saa za mbio ndefu zinahitaji maelezo, na mwaka 2019 na 2025 yakawa Staten Island. Siku hizi njia ni ya mita 200, ya plastiki nzuri, kona zimepimwa na mafundi, saa inasoma sehemu ya elfu ya sekunde, na hakuna anayekohoa. Viwanja havijawahi kuwa bora kiasi hiki. Lakini tangu mashindano ya dunia ya ndani yaanze mwaka 1987, yale ya taifa yamegeuzwa kuwa mtihani wa kuchagua timu. Na mwaka usio na timu ya kuchagua, wakubwa wengi hubaki makwao. Ubingwa umekuwa fomu ya kujaza.

Hata suala la nani anaweza kuwa bingwa limebadilika. Ron Delany, raia wa Ireland, alitwaa ubingwa wa taifa wa maili wa ndani wa Marekani mara nne mfululizo, 1956 hadi 1959, na hakuna aliyeona ajabu. Leo taji ni la raia tu. Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndani wa mita 3,000 mwaka 2004 akiwa na jezi ya Kenya, alilipata baada ya kubadili uraia. Simlaumu. Alikwenda palipo na ratiba.

Nasi hatuwezi tena kusema hatuna uwanja. Tangu mwaka 2007 Dar es Salaam kuna uwanja wa taifa wa watu 60,000 wenye njia ya kisasa ya kukimbilia. Haukutuletea Bayi mwingine. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025 alikuwa mtu wa barabarani, na barabara za Arusha zilikuwapo kabla ya uwanja huo.

Miaka michache iliyopita nilikaa karibu na kiongozi mmoja wa riadha, si wa hapa mkoani kwetu, baada ya kutueleza kwa nusu saa juu ya ramani ya uwanja wa ndani aliyoiona ng'ambo. Nilimpa pongezi, kisha nikamuuliza kwa heshima zote: "Mheshimiwa, mashindano ya mkoa wako mwaka huu ni tarehe ngapi?" Alisema itategemea mfadhili. Nikamuuliza ya mwaka uliopita yalifanyika tarehe ngapi. Akamgeukia katibu wake. Katibu akafungua faili, akapekua karatasi mbili tatu, akalifunga, akaniuliza kama nimekwisha pata chai.