Nundu: Kabla ya kuomba mtaji, tuhesabu wateja wanaoondoka mikono mitupu

Uliza mfanyabiashara mdogo yeyote wa Nundu, Mboko au Lusenda, hapa wilayani Fizi, kwa nini biashara yake haikui. Atataja barabara, vizuizi, usalama mdogo. Mwishoni atasema neno lile lile: mtaji. Ndiyo maana vikundi vya MUSO na AVEC vimejaa kila kijiji, na kila mradi unapofika, ombi la kwanza la wakaaji ni mkopo.

Sikatai kwamba mtaji ni haba. Lakini naona wengi wetu tunapoteza feza kila siku bila kujua, kwa sababu hatuhesabu na hatujaribu. Mtu anayekopa kabla ya kujua feza yake inapotelea wapi anajaza maji kwenye mtungi uliotoboka. Na mtungi ukikauka, MUSO itadai, na ni mali ya nyumbani itakayouzwa.

Nitoe mfano wa jirani zetu wa Kenya. Watafiti watatu, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, walifuatilia biashara ndogondogo za magharibi mwa nchi hiyo, kisha wakachapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliuliza swali ambalo hata mtoto anaweza kuuliza: ni mara ngapi mteja anakuja na noti kubwa, muuzaji anakosa chenji, na biashara inakufa palepale? Jibu liliwashangaza. Kwa wastani, biashara hizo zilikuwa zinapoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yote kwa sababu ya kukosa chenji tu.

La kushangaza zaidi ni dawa yake. Kundi moja la wafanyabiashara lilitembelewa kila wiki na kuulizwa habari za chenji. Hawakupewa mkopo wala bidhaa. Kwa kuulizwa tu walianza kujali jambo hilo, wakaanza kutunza noti ndogo, na mauzo waliyokuwa wakiyapoteza yakapungua. Kundi jingine lilionyeshwa wazi hasara yake ni kiasi gani, nalo likabadilika. Feza ilikuwa mbele ya macho yao siku zote, ila hakuna aliyekuwa ameihesabu.

Sasa turudi kwetu. Mteja anafika dukani na noti ya faranga 20.000, anataka sabuni ya faranga 1.000. Mwenye duka anatazama sanduku, anatuma mtoto kwa jirani, jirani naye hana. Mteja anaondoka. Mwingine analeta dola 10 yenye mpasuko mdogo pembeni, inakataliwa, naye anaondoka. Wa tatu anaambiwa: «Chukua, utanilipa kesho», na kesho hiyo haifiki. Tunayaona haya kila siku barabarani toka Uvira hadi Baraka. Asilimia za Kenya ni za Kenya. Za Nundu zitatoka kwenye madaftari ya Nundu yenyewe, siku tutakapoanza kuyaandika.

Kazi hiyo haihitaji kompyuta. Chukua daftari, au kaye kama tunavyosema, chora mistari ukurasa ugawanyike mara tatu. Sehemu ya kwanza ni ya mteja aliyeondoka kwa kukosa chenji. Ya pili ni ya aliyetaka kitu ambacho hukuwa nacho. Ya tatu ni ya aliyesema bei ni kali. Kila anayeondoka mikono mitupu, piga kijiti kimoja mahali pake. Asiyejua kusoma atumie makopo matatu na punje za maharage. Baada ya wiki mbili, kopo lililojaa zaidi litakuambia ugonjwa wa biashara yako. Kama ni la chenji, huhitaji mkopo: unahitaji kubadilisha noti kubwa asubuhi kabla ya kufungua. Kama ni la bidhaa zisizokuwepo, hapo ndipo mtaji una maana, na unajua tayari wa kununulia nini.

Kuhesabu ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kujaribu. Kuna watu wanaodhani majaribio ni mambo ya makampuni makubwa ya intaneti, yale yanayoonyesha wateja kurasa mbili tofauti ili kuona ipi inauza zaidi. Lakini elimu hiyo ilikomaa shambani. Ronald Fisher, Mwingereza aliyeandika mwaka 1935 kitabu kilichokuwa msingi wa elimu ya majaribio, alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted, akilinganisha vipande vya shamba vilivyotiwa mbolea tofauti. Na mkulima wetu wa Fizi anaijua njia hiyo bila kitabu. Akiletewa mti mpya wa muhogo unaosemwa unavumilia mozaiki, hang'oi shamba lote. Anapanda mistari michache kando ya muhogo wa zamani, anangoja, anachimba, anaonja, ndipo anaamua. Ajabu ni kwamba mkulima huyohuyo akiingia katika biashara, anasikia kwamba vitenge vinatembea Baraka, na kesho yake anatia mkopo wote ndani ya vitenge.

Jaribio la biashara lina kanuni mbili. Kanuni ya kwanza: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukihamisha meza, ukapunguza bei na ukaleta bidhaa mpya wiki hiyohiyo, mauzo yakipanda hutajua nani wa kushukuriwa.

Kanuni ya pili: linganisha sawa kwa sawa. Hapa ndipo wengi wanadanganyika, na hapa sisi watu wa ziwa tuna somo letu. Ndakala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi mingi inabaki pwani na feza inapungua kijijini. Ukijaribu bei mpya katika wiki ya giza ukailinganisha na wiki ya mbalamwezi, umepima mwezi, hukupima bei. Linganisha giza na giza. Vilevile siku ambazo wakimbizi wa kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, wanapokea msaada wao, soko haliwezi kufanana na siku nyingine. Mwezi wa tisa, wazazi wakilipa shule, vilevile. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani Tanganyika toka tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane. Anayelinganisha miezi hiyo na ya mwaka mwingine atajidanganya. Na tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, bei ya bidhaa nyingi imekuwa ikifuata habari za vita. Kwa hiyo pembeni ya kila hesabu, andika neno moja la hali ya siku: giza, mbalamwezi, msaada, barabara imefungwa.

Tuchukue mfano, na bei ni za mfano tu. Mama ananunua bidoni ya mawese ya lita 20 kwa faranga 40.000, yaani 2.000 kwa lita. Anauza lita moja kwa 2.500, wateja wakija na chupa zao. Wiki ya giza anauza lita 40, faida yake ni faranga 20.000. Wiki ya giza ya mwezi unaofuata anajaribu kuuza nusu lita kwa 1.400. Anauza lita 30 tu. Bila daftari atalia: «Biashara imeshuka, zamani nilimaliza bidoni mbili, sasa moja na nusu.» Lakini kila lita sasa inamwachia faranga 800, na faida ya wiki ni 24.000. Ameuza kidogo, amepata zaidi, na mtaji aliohitaji ni bidoni moja na nusu badala ya mbili. Arudie mwezi mwingine ili ahakikishe. Inawezekana pia wateja wa lita nzima wamekimbilia kwa jirani. Basi ajaribu kuuza vipimo vyote viwili pamoja. Ila tuelewane: bei inatangazwa mbele ya mteja na kipimo kinajaa. Kupunguza kopo kwa siri haliitwi jaribio, unaitwa wizi.

Nasikia wanaopinga. Wa kwanza wanasema: hapa kwetu daftari ni hatari, kwa sababu anayetoza ushuru au anayeshika bunduki akiliona atajua una kiasi gani. Hoja hiyo ni nzito. Ndiyo maana vijiti na punje vinatosha: vinaonyesha mwendo bila kuonyesha feza. Daftari la feza libaki nyumbani, na anayelipwa kwa M-Pesa au Airtel Money ana kumbukumbu ndani ya simu yake. Lakini wakubwa nao wasikie: pale ambapo feza inatozwa njiani bila risiti, mfanyabiashara atajifunza kuficha hesabu hata kwake mwenyewe, na serikali itabaki inatawala uchumi isioujua.

Wa pili wanasema riziki ni ya Mungu. Ni kweli, na Mungu huyo ametupa vidole vya kuhesabia. Kinachonitia hofu ni kitu kingine. Biashara ikishuka bila sababu inayojulikana, wengine wanatafuta sababu kwa jirani. Meza ya jirani inajaa wateja, yangu imekauka, na neno uchawi linatoka mdomoni haraka. Katika Fizi tunajua neno hilo linaweza kuua. Mama mwenye daftari ataona kwamba wateja walianza kupungua wiki aliyopandisha bei, au wiki mbalamwezi ilipotoka. Hatahitaji kumtafuta mchawi.

Wa tatu ni mashirika, ambayo yatasema: tayari tunafundisha akina mama na vijana uandishi wa hesabu. Nayashukuru, lakini yatazame yaliyotokea Lomé, nchini Togo. Wafanyabiashara wadogo 1.500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa somo la kawaida la biashara: hesabu, soko, feza. Jingine lilifundishwa kuwa na bidii ya kuanzisha jambo lenyewe, kutafuta njia mpya, kujiwekea malengo na kujifunza kutoka makosa. La tatu halikufundishwa kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kundi la pili liliongeza faida kwa asilimia 30 kuliko wasiofundishwa. Kundi la somo la kawaida lilipata nyongeza ya asilimia 11 tu, na hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha watafiti kutoweza kuthibitisha kwamba haikuletwa na bahati. Maana yake ni kwamba daftari peke yake halilishi mtu. Anayeandika bila kubadilisha kitu ni kama mgonjwa anayepima homa kila siku bila kumeza dawa.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa vikundi vya MUSO na AVEC: kabla ya kutoa mkopo wa biashara, mwomba mkopo alete vijiti vya wiki mbili na aeleze mbele ya wenzake mkopo unakwenda kuziba tundu lipi. Mikopo itakuwa midogo, na italipika. Kwa mashirika: badala ya semina ya siku tano yenye chai na karatasi za ukutani, mtume kijana mmoja wa hapahapa apite kila wiki mezani kwa akina mama akiuliza swali moja, kama ilivyofanyika Kenya. Kwa vijana wetu waliosoma biashara chuoni na wanaongoja kazi Uvira na Baraka: mama zenu wako sokoni, nendeni mkawasaidie kuhesabu kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo mtakapojua kama mlichosoma ni kweli.

Barabara ya taifa namba 5 haitatengenezwa na daftari, na bunduki hazitanyamazishwa na punje za maharage. Hayo tutaendelea kuyadai. Lakini mteja aliyeondoka leo kwa kukosa chenji ya faranga 500 hakufukuzwa na vita wala na barabara. Huyo tunaweza kumbakiza kesho asubuhi.