Ndani ya kitambaa cha sufuria mna nini?



Mtu wa tanuru hakubali kusimama mbele ya shaba iliyoyeyuka akiwa na shati la nailoni. Anajua sababu: nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi. Lakini jioni, hapa Naviundu, mama anateremsha sufuria ya bukari toka mbabula kwa kitambaa ambacho hakuna anayejua kimejazwa nini. Kwa maoni yetu, usalama unaoishia kwenye mlango wa kazi si usalama.

Kujishonea vitambaa hivi ni jambo jema. Hatari haimo katika maua ya kitenge, imo ndani. Wengi hujaza sponji ya godoro, ao pamba ya mto uliochakaa. Mara nyingi hiyo si pamba, ni poliesta. Shaba huyeyuka kwenye digrii 1085. Poliesta huyeyuka kwenye digrii 260 hivi, na makala yenye kuwaka hupita digrii 500. Mama akiungua ataachia sufuria, na kando ya mbabula mara nyingi kuna mtoto aliyechuchumaa akingojea chakula.

Basi jaribu kwanza. Chomoa nyuzi chache, uzishike kwa koleo, uziwashe nje, mbali na watoto. Zikinuka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Zikinuka kama nywele, ni sufu. Zikijikunja na kuacha shanga ngumu, usizitumie.

Kijazo kizuri ni blanketi kuukuu la sufu ao la pamba, mikunjo miwili ao mitatu, na kitambaa cha juu kiwe cha pamba vilevile. Ukishona mfuko wa kupelekea chakula kwenye kilio, ongeza mkunjo chini, na mikanda ipite chini ya sufuria, isishonwe pembeni tu. Tena, usishike sufuria kwa kitambaa chenye maji: maji hupitisha joto kuliko hewa zaidi ya mara 20.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Si mafuta, si chumvi, si dawa ya meno. Kidonda kikiwa kikubwa, kimbilia hospitali.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Usilete nyumbani glavu kuukuu za tanuru ili mama azikate. Nyingi za zamani zilifumwa kwa amianti. Ni kweli, haiungui. Lakini vumbi lake likivutwa katika pumzi huleta kansa ya mapafu, miaka mingi baadaye. Kitu kilichokulinda wewe kwa moto kisije kikamwua mtoto wako kwa vumbi. Blanketi kuukuu latosha.