Aliyetibiwa Saratani Hahitaji Kuambiwa 'Pumzika' Tu

Hapa Nyamasaria, mtu anayerejea nyumbani baada ya kutibiwa saratani hupokelewa kwa neno moja: pumzika. Mchungaji humwombea kisha akamwambia apumzike. Jamaa waliotoka Ahero na Nyakach kuja kumjulia hali hawaagi kabla hawajalikariri neno lilo hilo. Ndoo ya maji hupokonywa, jembe hufichwa, chai huletwa kitandani. Haya yote hutendwa kwa mapenzi, na ndiyo maana ni vigumu kuyapinga. Hata hivyo sina budi kuyapinga, maadamu elimu iliyopo leo inaonyesha dhahiri kwamba kumlaza mtu huyo mchana kutwa, mwezi baada ya mwezi, ni kumdhoofisha.

Nchi yetu imezungumza sana kuhusu saratani tangu Julai 2019, mwezi mmoja uliowachukua Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Mjadala ulihusu mashine za mionzi, bei ya dawa na safari ndefu za kwenda Nairobi. Ulikuwa mjadala wa haki. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba Wakenya zaidi ya 42,000 walipatikana na ugonjwa huu na takriban 27,000 wakafariki, na hesabu kama hizo haziruhusu mtu kunyamaza. Lakini katika kelele zote hizo ni nadra kusikia likitajwa jambo la wale waliomaliza matibabu wakabaki hai. Wao hukabidhiwa tarehe ya kurudi kliniki, wakapanda matatu, na tangu hapo mambo yao huachiwa jamaa zao.

Naye jamaa afanye nini? Hakuambiwa kitu. Anachokiona ni mtu aliyekonda, anayehema akitoka chumbani hadi mlangoni, na kwa akili ya kawaida anahitimisha kwamba uchovu huu utaondolewa kwa usingizi. La. Uchovu wa saratani si kama uchovu wa mtu aliyelima kutwa. Upasuaji, mionzi na tibakemikali, ambayo wengi wetu huiita kemo tu, huuacha mwili ukiwa umepoteza misuli, na misuli isiyotumika hupotea zaidi. Basi mgonjwa hulala kwa kuwa amechoka, kisha huchoka zaidi kwa kuwa amelala. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kimataifa lililoitishwa na chuo cha utabibu wa michezo cha Marekani lilichapisha uamuzi wake: kutembea au zoezi jingine la kuamsha mapigo ya moyo kwa dakika 30, mara 3 kwa wiki, hupunguza uchovu huo, hupunguza wasiwasi na sonono, na humrudishia mtu uwezo wa kufanya kazi zake.

Hapa nitaomba ruhusa ya kuingiza taaluma yangu, kwa kuwa sisi watu wa isimu hatuwezi kuliona neno likapita hivi hivi. Wengi wakisikia 'mazoezi' huwaza viatu vya mbio, au vijana wa Mamboleo wakifukuza mpira. Lakini zoezi limetokana na kitenzi zoea. Kufanya mazoezi ni kuuzoeza mwili jambo ambalo haujalizoea, au ambalo umelisahau. Kwa aliyetoka katika kemo, kwenda hadi kwenye lango na kurudi ni zoezi kamili. Wiki ijayo atafika kwa muuza mboga. Nawaomba walimu wa Kiswahili walifundishe neno hili hivyo, maana maana yake ya asili ina huruma kuliko ile tuliyoizoea.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa shule ya upili. Alipasuliwa titi la kulia na tezi za kwapani zikaondolewa, kisha akaambiwa asibebe chochote kwa mkono huo maisha yake yote, asije akavimba. Akatii. Baada ya miezi kadhaa bega liliganda. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, mkono wangu haukuvimba, namshukuru Mungu. Lakini ubao uko juu." Hakuongeza neno. Wasomaji wangu wengi ni watu wa chaki, wataelewa kwamba hiyo ilikuwa habari ya riziki yake na ya heshima yake mbele ya wanafunzi.

Onyo alilopewa lilikuwa la kale. Mwaka 1996 mjini Vancouver, Canada, daktari wa michezo Don McKenzie aliwakusanya wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti, akawapandisha katika mashua ndefu za kushindana na kuwafundisha kupiga kasia, kazi ambayo hasa hutesa mikono na mabega. Ilitarajiwa mikono ivimbe. Hakuna hata mmoja aliyevimba. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani waliwachunguza wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha vimba. Walionyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole chini ya uangalizi, hawakuzidiwa na uvimbe. Kinyume chake, ulichachamaa kwa nadra kuliko kwa wale ambao hawakunyanyua. Siwashauri akina mama wa Dunga waanzishe mashindano ya mashua kesho asubuhi. Ninachosema ni kwamba mtungi mdogo wa maji, ukiongezwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya mtaalamu, una nafasi yake katika uponyaji.

Ushahidi mzito zaidi ulitolewa Juni 2025. Wagonjwa 889 waliokuwa wamepasuliwa saratani ya utumbo mpana na kumaliza kemo, wengi wao Canada na Australia, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa maandishi ya kuwaelimisha kuhusu afya. Kundi la pili lilipewa maandishi hayo pamoja na mkufunzi wa mazoezi aliyewafuatilia kwa miaka 3, na wengi walichagua kutembea kwa haraka. Baada ya miaka 8, katika kila watu 100 wa kundi la mkufunzi, 90 walikuwa hai. Katika kundi la maandishi matupu walikuwa 83. Watu 7 katika kila 100! Zipo dawa za bei ya kutisha ambazo zingejivunia tofauti kama hiyo. Nasi tunaopenda kuchapisha vijitabu tuzingatie kwamba makundi yote mawili yalipata maandishi. Lililowatofautisha ni mtu wa kuandamana nao.

Mwendo bila chakula nao haufai kitu. Hapa uvumi umetawala. Mgonjwa huambiwa asionje nyama, sukari wala maziwa, aishi kwa maji ya kiazisukari na majani ya kuchemsha, ati saratani itakufa njaa. Anayekufa njaa ni yeye. Miongozo ya lishe inamtaka mtu wa namna hii apate angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ikiwezekana hata gramu 1.5. Mwenye kilo 60 basi anahitaji gramu 60 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, na sahani ya ugali kwa sukuma wiki haiwezi kuifikisha hesabu hiyo hata ikirudiwa. Omena waweza. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena aliyekaushwa ni protini, naye huliwa na mifupa yake, ambayo ni chokaa kwa mifupa yetu. Wenye pesa humdharau wakimwita chakula cha shida, ilhali anauzwa kwa kipimo cha kopo pale Kibuye na kando ya barabara yetu. Mwenye vidonda mdomoni asagiwe, atiwe katika uji. Karanga, maharagwe, mtindi, mnavu na mgagani vyote vipo. Jambo la kuchunga ni usafi, hususan wakati kemo imeshusha kinga: maji yachemshwe, maziwa yasinywewe mabichi, mayai yaive.

Si kila mtu aamke leo akatembee. Mwenye homa, mwenye upungufu mkubwa wa damu, ambaye saratani imefika mifupani au ambaye dawa zimegusa moyo wake, ni lazima apimwe na kuelekezwa kwanza. Ndiyo sababu nasema kazi hii ianzie hospitalini. Barua ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani itaje dawa zake, na papo hapo itaje atembee kiasi gani na ale nini, kwa Kiswahili au Kidholuo. Chuo Kikuu cha Maseno hufunza lishe; wahitimu wake wapewe kazi katika kliniki za saratani.

Shule nazo zisingoje serikali. Mwalimu mkuu anayempokea mwalimu aliyetibiwa ampunguzie vipindi muhula wa kwanza, ampe darasa la chini badala ya ghorofani, kisha aongeze kadiri nguvu zinavyorudi. Nanyi wanafunzi, mnaoulizwa kila mara mtafanya nini likizoni, kuna mama au mzee mtaani mwenu anayeogopa kuanguka akitoka peke yake. Mwendo unaofaa haupimwi kwa mashine: awe anaweza kuzungumza nawe, ila asiweze kuimba. Akianza kuimba, ongezeni mwendo. Akishindwa kuzungumza, simameni. Nendeni saa kumi na mbili na nusu alfajiri, kabla malori ya barabara ya Ahero hayajatimua vumbi, na mrudi kabla jua halijawa kali. Bebeni maji, na mjue mapema ni wapi njiani pana kivuli na mahali pa kuketi.