Likizo ya Mtumishi na Watoto Wake Ziwani

Wenzetu wanachama,

Imekuwa desturi yetu katika ukurasa huu kunena habari za mishahara, vyeo na uhamisho. Leo twaomba ruhusa kunena habari iliyo ndogo machoni pa wengi, nayo ni hii: mtumishi apatapo likizo, watoto wake wadogo wapata nini? Tena twataka kusema neno moja juu ya kuwavusha watoto majini, maana kidogo tu tungalijifunza neno hilo kwa machozi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 28 kila mwaka. Siku hizo si zawadi ya mkuu wa ofisi, wala si sadaka, ni haki. Lakini na tutazame jinsi tunavyozitumia. Nyingine hupotea kabla hatujaondoka, kwa kungoja sahihi moja. Nyingine huishia katika misiba na kufyatua matofali. Na nyingine twazitupa wenyewe, kwa kurudi ofisini bila kuitwa, ili tuonekane kwamba kazi haiendi pasipo sisi. Mtoto aliyengoja mwaka mzima amwone baba yake mchana, akimwona humwona amelala.

Wazee wetu walipounda chama cha watumishi wa Serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba, masharti ya kazi na ustawi wa watumishi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowashughulisha. Siku zile ofisa wa Kizungu alipomaliza muda wake alipanda meli kwenda kwao kwa likizo ya miezi, na nauli ikatolewa na Serikali. Karani Mwafrika hakuwa na likizo ya namna hiyo. Leo siku zetu zimeandikwa katika sheria. Haki iliyotafutwa kwa shida, tukiiacha ioze ndani ya faili, lawama si ya mtu mwingine ila yetu wenyewe.

Wako wanaosema, "Mapumziko ya ufukoni ni ya watu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja. Sisi wa Mara tuko mbali na bahari." Ni kweli bahari iko mbali. Lakini mbele ya milango yetu liko ziwa lenye ukubwa upatao kilomita za mraba 68,800, nalo limeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lina mchanga, mawe, visiwa, upepo na mawimbi. Limepungukiwa na chumvi tu, na sijui kama kuna mtoto aliyepata kulilia chumvi.

Basi mwaka huu tuliazimia kuwapeleka watoto wetu Rukuba. Kisiwa hicho ni cha Kata ya Etaro, katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, na wenyeji wake wengi huishi kwa uvuvi. Tulikuwa watu watano: sisi wazazi wawili, na watoto watatu, wa kwanza miaka saba, wa pili miaka minne, na mdogo mwaka mmoja na nusu. Tulikuwa tumepatana na mwenye chombo kwamba tuondoke Musoma asubuhi na mapema. Lakini siku ile ile ya kwanza ya likizo tuliitwa ofisini kukabidhi mafaili mawili ambayo tulikuwa tumekwisha kuyakabidhi. Tukatii. Tulipofika mwaloni ilikuwa saa tisa ya mchana, na upepo ulikuwa umekwisha kuamka.

Hapo ndipo kosa letu lilipo, wala hatutalificha. Katika chombo kile yalikuwamo majaketi ya kuokolea ya watu wazima, nasi wazazi tukapewa. Ya watoto hayakuwamo hata moja. Tulipouliza, nahodha alijibu kwa upole, "Mtoto hushikwa na mama yake, Mzee." Tulimfunga yule wa kwanza jaketi la mtu mzima, alipoinua mikono likapanda likamfunika masikio. Abiria wengine walikuwa wamekwisha kukaa na kutungoja. Nauli tulikuwa tumekwisha kuilipa. Tukaona haya kushuka, tukaketi.

Wenzetu, lipimeni jambo hili. Sisi ambao kila siku humrudisha mwananchi nyumbani kwa sababu barua yake imekosa muhuri, tulikubali watoto wetu waingie majini hali wamekosa jaketi. Katika karatasi tu wakali. Katika uhai wa wana wetu tulikuwa wapole.

Safari yenyewe haikutimia saa moja, lakini katikati yake mawimbi yalianza kurusha maji ndani. Mama alimkumbatia mdogo, nasi tukawashika wawili, kila mmoja kwa mkono mmoja. Ndipo tulipofahamu hesabu iliyokuwa wazi tangu mwaloni: mtu mwenye mikono miwili iliyojaa watoto hana mkono wa kuogelea. Tulifika salama. Nahodha alikuwa hodari, nasi twamshukuru. Lakini salama ile haikutokana na busara yetu.

Wala si hofu ya bure. Ziwa hili limetufundisha kwa misiba miwili mikubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, nacho kilikuwa karibu kabisa na gati. Walikufa watu 228. Kivuko kile kilikuwa cha kuchukua watu 101, lakini kilikuwa kimechukua zaidi ya mara mbili. Vyote viwili vilikuwa vyombo vikubwa kuliko chetu. Ikiwa waliokaribia nchi kavu hawakuokoka, sisi tuliokuwa katikati ya maji tulikuwa tukitegemea nini?

Mwenyeji wetu, mzee mvuvi, alitupokea ufukoni. Alipowaona watoto wamelowa hakutugombeza. Aliagiza uji kwanza. Baadaye, watoto walipokwisha kulala, akatuambia, "Wanangu, ziwa si la kuogopwa, wala si la kuzoewa." Tuliyachukua maneno hayo, na siku nne tulizokaa tuliishi kwayo.

Na siku hizo zilikuwa siku! Watoto walipanda mawe makubwa, wakamwona kenge akiota jua, nao na kenge wakaogopana sawasawa. Walimtazama furukombe akishuka na kunyakua samaki. Waliona dagaa walioanikwa, na wa pili akauliza kama dagaa huota juani kama mahindi. Usiku, kwa kuwa mwezi haukuwapo, wavuvi walitoka na taa zao kuvutia dagaa, hata ziwa lote likawaka mbele yetu. Yule mtoto wa pili akauliza, "Baba, mji ule ni mji gani?" Tukamweleza kwamba si mji, ni watu walio kazini. Akazihesabu taa mpaka hesabu yake ikaisha, kisha akasema, "Wale hawana likizo?" Hatukuwa na jibu la haraka. Lakini tuliona kwamba jioni moja kama hiyo, baba na mtoto wakiwa wamekaa juu ya jiwe moja, yazidi vitu vingi tunavyowanunulia ili watusamehe kutokuwapo kwetu.

Kuhusu kuoga, yatupasa kusema wazi. Ziwa letu lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wa majini, hasa mahali penye majani na maji yaliyotulia, navyo hupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Ufuko ukiwa safi machoni si ushahidi kwamba hauna kichocho. Kwa hiyo watoto wetu hawakuogeshwa ziwani, ingawa walilia. Mwenyeji wetu alikuwa ameteka maji akayaweka katika pipa lenye kifuniko siku mbili kabla hatujafika, maana vijidudu hivyo havidumu zaidi ya muda huo visipompata mtu. Maji mengine tuliyachemsha. Mchezo wa mchanga waliucheza mbali na maji, mahali tunapowaona, kwa kuwa mamba na viboko nao ni wenyeji wa ziwa hili, wala hawapigi hodi.

Lakini tusijisifu. Watoto wa kisiwani huteka, huoga na kufua pale pale. Sisi tuliondoka siku ya tano, wao walibaki. Dawa ya kichocho hutolewa kwa watoto wa shule, lakini kwa muda mrefu walio chini ya umri wa shule walisahauliwa, maana hapakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao. Mwishoni mwa mwaka 2023 dawa ya namna hiyo ilipata kibali cha kitaalamu cha Shirika la Dawa la Ulaya. Wenzetu walio katika idara za afya na wafanye bidii ili dawa hiyo iwafikie watoto wa visiwani mapema, isije ikasimama katika meza zetu.

Tulirudi alfajiri, wala hatukungoja jua kupanda. Mchana jua hupasha nchi kavu moto upesi kuliko maji, ndipo upepo wa ziwani huvuma. Na usiku wa manane mara nyingi radi na mvua hukusanyika juu ya ziwa. Asubuhi ile maji yalikuwa kama kioo. Tulikuwa tumepiga simu mjini, na ndugu yetu mmoja akatuletea majaketi mawili madogo na moja dogo zaidi lenye ukosi wa kuinua kichwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Yaliwakaa barabara. Yule wa kwanza alilivaa mpaka nyumbani, akakataa kulivua hata wakati wa kula.

Sasa twajua watakayosema wengine. Wa kwanza atasema, "Likizo ni ya kwenda kuwaona wazee." Ni kweli, na asiyewaona wazee wake amekosa. Lakini siku 28 ni nyingi. Ukitoa siku nne kwa watoto, wazazi wako wamebakiwa na siku nyingi. Wa pili atasema, "Gharama." Sisi tulilala kwa mwenyeji, tukachukua unga na mchele wetu, tukanunua samaki pale pale, harusi moja ya mjini hutukamua zaidi. Wa tatu atasema, "Ikiwa ziwa lina hatari, kwa nini kwenda?" Huyo tumjibu kwamba watoto wa Mara watavuka ziwa hili maisha yao yote, tupende tusipende. Heri wajifunze adabu ya maji mkononi mwa baba na mama kuliko kuifundishwa na mawimbi. Na aliye na mtoto mchanga mno asione haya kubaki nchi kavu: Butiama ipo, pamoja na makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, na kuku wa huko hukimbizwa bila jaketi.

Basi twaleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu.

La kwanza, Chama kinunue majaketi ya kuokolea ya watoto, ya vipimo vya uzito mbalimbali, yawekwe Musoma kwa mtunza hazina, na mwanachama aendaye likizo visiwani aazime bure na kutia sahihi. Hata tukianza na kumi yatosha. Na mvuvi au mama wa kisiwani anayemvusha mtoto hospitali naye aazimwe, maana mtoto hana cheo majini.

La pili, kila mwanachama ajifunge kwa neno lake kutopanda chombo pamoja na mtoto asiyevaa jaketi linalomkaa, hata kama nauli imelipwa na abiria wanangoja. Akague chombo kama akaguavyo hati, asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na akiona chombo kimejazwa kupita kiasi ashuke, kisha atoe habari kwa Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ambalo kazi yake mojawapo ni usalama wa vyombo.

La tatu, wakuu wa ofisi waombwe kwa adabu kwamba aliyekwisha kukabidhi kazi asirudishwe. Mafaili yale mawili yalituchelewesha tukavuka wakati wa upepo. Tulipoyafungua tuliporudi, hapakuwa na barua mpya hata moja.

Wenzetu, ofisi itatupatia mrithi siku ile ile tutakapostaafu. Watoto hawana wa kumweka badala yetu. Tuchukueni siku zetu, tukae nao ufukoni tuzihesabu taa. Lakini kabla ya kupanda chombo, tuhakikishe kwamba kila mdogo amefungwa jaketi lake. Lisipokuwapo, tusione haya. Tushuke.

Ni sisi wenzenu katika kazi.