Maneno Uliyoambiwa Si Mali Yako

Ndugu msomaji, na weye kijana, leo naanza na kosa langu. Mama wawili wa kwaya yetu walikuwa marafiki wa kweli. Mmoja alisema neno juu ya mwenzake mbele yangu, nami nikalipeleka. Waliponiuliza nikajitetea: «Miye sikusema bongo, nilisema paka ukweli!» Mpaka leo hawasalimiani.

Sisi tunafikiri jibu lile linamaliza kesi. Kwa sheria ya Wayahudi, kesi inaanza hapo. Kumzushia mtu uongo, kila mtu anajua ni kosa. Lakini wao wanakataza pia lashon hara, maana yake ulimi mbaya: kutangaza ubaya wa mwenzako hata kama ni kweli tupu. Tena kuna rekhilut, ndilo kosa langu: kumpelekea mtu maneno ambayo mwingine alisema juu yake. Msingi wake ni Walawi 19:16, na neno la Kiebrania linakaribiana na jina la mchuuzi, yule anayezungusha mali yake nyumba kwa nyumba.

Walimu wa Talmudi walikwenda mbali zaidi. Mtu akikuambia jambo, hata lisilo na ubaya, usilirudie kwa mwingine mpaka akupe ruhusa. Sisi tunafanya kinyume: kama hakutukataza, tunaona ametuachia.

Aliyepanga sheria hizi vizuri ni rabi Israel Meir Kagan (1838-1933) wa Radin, mji mdogo ulio leo katika nchi ya Belarusi. Kitabu chake kilitoka Vilna mwaka 1873, bila jina lake juu. Kinaitwa Chofetz Chaim, yaani mwenye kutamani uzima, maneno yaliyotoka katika Zaburi 34. Basi watu wakamwita mwenyewe kwa jina la kitabu.

Rabi huyu alijua maisha. Alijua baba yako anaweza kukubana: «Fulani alisema nini juu yangu?» Alijua hata mkubwa wa kazi anaweza kukuuliza hivyo. Na weye unalisha watoto kwa mshahara ule! Utafanya nini? Anajibu: usiseme, hata ukipoteza kazi. Tafuta kwanza jibu lisilo uongo wala uchongezi. Likikosekana, anaruhusu hata uongo kwa ajili ya amani, lakini kuapa, hapana kabisa. Najua wengine mtabisha hapa. Na miye nilisita.

Na anayesikiliza? Asisadiki. Kujihadhari tu, anaruhusiwa.

Lakini kunyamaza nako kuna mpaka wake. Mstari uleule wa Walawi unakataza kusimama na kutazama wakati uhai wa mwenzako uko hatarini. Kama binti anachumbiwa na kijana mwenye ugonjwa mkubwa anaouficha, au ndugu anataka kushirikiana biashara na mwizi, unapaswa kusema. Ila uwe umeona kwa macho yako, si kusikia kwa watu. Usiongeze chumvi. Usiseme kwa sababu ya chuki, bali kumkinga anayeweza kuumia. Na iwe hakuna njia nyingine ya kumwokoa.

Kwa wale mama wawili, hakukuwa na mtu wa kuokoa. Nilikuwa paka na neno jipya mdomoni.